Mmezima Filamu Kabla Haijaanza

Vijana wenzetu, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika,

Hii tunawaandikia wote. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama bando lako ni dogo, hifadhi usome baadaye. Ila usome mpaka mwisho. Ukifika huko utaelewa kwa nini tunalisisitiza.

Jumamosi iliyopita tulionyesha filamu kwenye ukumbi wa vijana hapa kambini kwetu, Uganda. Ukumbi tuliuomba wiki mbili kabla. Projekta tuliazima, mafuta ya jenereta tulichanga wenyewe, kila mtu alichoweza. Filamu ni ya Japani, kwa Kiingereza inaitwa One Cut of the Dead. Ni filamu ya mazombi, ya kutisha na ya kuchekesha kwa pamoja. Mmoja wetu alikaa na kipaza sauti, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini na kutusimulia kwa Kiswahili, vile mavijei wanavyofanya kwenye vibanda vya video nchi hii nzima. Watoto tuliwarudisha nyumbani pale mlangoni. Na kabla ya kuanza tulitangaza: kuna damu ya rangi, kuna kelele, anayeona si ya kwake atoke tu, hakuna atakayemcheka.

Dakika ya ishirini hivi, shoka lilipotokea, afisa mmoja akaingia. Akasimama kidogo, akaangalia skrini, akaenda mpaka mbele, akachomoa waya. Akasema, "Hii haifai kwa watu wenye historia kama yenu." Taa zikawashwa. Watu wakabaki wanaangaliana, wengine kicheko bado kiko mdomoni.

Huyo afisa hatumtaji na hatumchukii. Amesaidia wengi wetu, na tunajua hakufanya kwa ubaya. Lakini alichofanya tunakipinga, na tunakipinga mbele ya watu, kwa sababu hakikuanza naye na hakitaishia kwake. Ni namna ambayo watu wengi wanatuangalia. Wanaona kipande cha kwanza, wanahukumu, wanazima.

Sasa tuwaambie mlichozima.

Filamu hii ilifanywa mwaka 2017. Mwongozaji wake ni Shinichiro Ueda, na ilitokana na mafunzo ya shule moja ya filamu na uigizaji ya Tokyo inayoitwa ENBU Seminar. Waigizaji hawakuwa na majina. Pesa yote ilikuwa yeni milioni 3, kama dola 25,000. Kwetu sisi hizo ni pesa nyingi sana, tusidanganyane. Lakini kwa filamu ya kwenda sinema ni kama hakuna kitu. Waliipiga kwa siku nane.

Dakika 37 za mwanzo ni picha moja isiyokatwa hata mara moja. Kundi la watu wako kwenye jengo la zamani la mitambo ya maji lililoachwa, wanatengeneza filamu ya mazombi. Mwongozaji anamfokea mwigizaji wa kike kwamba woga wake ni wa uongo. Mara mazombi wa kweli wanatokea. Watu wanakimbia, wanapiga kelele, damu inaruka, na yule mwongozaji badala ya kukimbia anafurahi, anapaza sauti kwamba kamera isisimame. Jina la filamu kwa Kijapani ndilo hilo hilo: Usisimamishe kamera!

Na tuseme ukweli: hizo dakika 37 ni mbovu. Kuna mahali watu watatu wanasimama katikati ya hatari na kuanza kuulizana wanapenda kufanya nini wakiwa na nafasi. Kuna fundi wa sauti ambaye ghafla anainuka na kutaka kutoka nje penye mazombi, bila sababu. Kuna wakati kamera inaanguka chini na kubaki imelala, inaonyesha majani. Kuna dada anapiga mayowe muda mrefu mpaka unachoka. Ukiangalia unasema, hawa watu hawajui kazi.

Halafu majina yanapanda kana kwamba filamu imekwisha. Na hapo ndipo filamu inaanza.

(Kama hujaiona na hutaki tukuharibie, ruka aya tatu zinazofuata.)

Tunarudishwa mwezi mmoja nyuma. Tunamkuta mwongozaji mwenyewe, baba wa familia, mtu mpole anayesifika kwa kazi ya haraka, ya bei rahisi, na ya kiwango cha kawaida tu. Runinga moja inamwita: tunataka filamu ya mazombi, irushwe moja kwa moja, kwa kamera moja, bila kukata. Anakubali. Siku yenyewe ikifika, waigizaji wawili wanapata ajali ya gari njiani. Yeye mwenyewe na mke wake inabidi waingie kuigiza nafasi zao. Mwingine amelewa hawezi kusimama. Mwingine tumbo limemchafuka kwa sababu ya maji aliyokunywa. Mshika kamera mgongo unamkatika katikati ya kazi.

Kisha tunaiona ile filamu mara ya pili, sasa kutoka nyuma ya kamera. Na kila kitu ulichokiona ni kibovu kinapata sababu yake. Yale mazungumzo ya ajabu yalikuwa ya kuvuta muda, wenzao wanahangaika na mlevi. Fundi wa sauti alitoka kwa sababu tumbo halingojei ratiba. Kamera ililala chini kwa sababu aliyeishika alikuwa amelala chini, na msaidizi wake akairukia kuiokoa. Mlevi anashikwa kwa nyuma na kusogezwa mikono kama mwanasesere ili aonekane ni zombi. Ulidhani ni uzembe. Kumbe ni watu wanaojiua ili kitu kisisimame.

Mwishoni wanahitaji picha ya kutoka juu, na mtambo wa kuinua kamera umevunjika. Mtayarishaji anasema iachwe. Wao wanakataa. Wanapanda migongoni mwa wenzao, waigizaji, mafundi, mazombi wenye rangi usoni, wanajenga mnara wa watu, na juu kabisa kamera. Wanatetemeka wote. Picha inapatikana.

Mlipochomoa waya, mlitunyang'anya hiyo sehemu. Mlituachia sehemu mbovu peke yake. Filamu ni ya dakika 96, sisi tuliona 20.

Sasa tuje kwenye sababu mlizotupa, maana baada ya pale tuliitwa kwenye kikao na tukaelezwa. Sababu zilikuwa mbili.

Ya kwanza: kiwewe. Mlisema kuna watu humu walikimbia damu ya kweli, na kuwaonyesha shoka na mayowe ni kuwatonesha kidonda. Hiyo sababu tunaiheshimu. Ni ya kweli. Usiku ule dada mmoja alitoka mapema, dakika kumi za kwanza tu. Wawili wetu walimfuata wakakaa naye nje. Alisema hapendi mayowe, yanamrudisha mahali ambapo hataki kurudi. Akasema pia, "Lakini musizime juu yangu. Wenye kupenda baangalie." Alijua mwenyewe anachoweza na asichoweza. Alitoka kwa miguu yake. Hakuna aliyemchomolea waya.

Lakini ndugu zetu, kama hoja ni kiwewe, tuulizane. Kuna watu walikuja hapa na kamera kubwa kutengeneza video ya mradi. Walimchagua mmoja wetu asimulie usiku aliokimbia. Akasimulia. Wakamwambia sauti haikutoka vizuri, arudie. Akarudia. Wakamwambia upepo umeingia, arudie tena. Mara tatu amemzika baba yake mbele ya kamera, na mara ya tatu walifurahi kwa sababu ndipo alipolia. Shati alilokuja nalo, jipya, alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, waliomba alibadilishe avae la zamani. Alipotabasamu aliambiwa asubiri kwanza. Hiyo siku afisa wa kiwewe alikuwa wapi? Hakuna aliyechomoa waya.

Kwa hiyo damu yetu ya kweli inaweza kurudiwa mara tatu, lakini damu ya rangi ya Wajapani ni hatari kwetu? Jamani. Yule kijana hakulala siku nne baada ya ile video. Baada ya dakika ishirini za mazombi alilala vizuri, alilalamika tu kwamba hajui iliishaje.

Sisi si madaktari, hatuwezi kusema kila filamu ya kutisha ni dawa. Kuna mtu itamuumiza, na huyo alindwe. Tunasema hivi: kuogopa ukiwa umekaa na wenzako, unajua ni uongo, unajua mlango uko wapi, na dakika inayofuata mnacheka wote, si sawa na kuogopa kule tulikotoka. Kule hatukuchagua. Hapa tulichagua. Mtu ambaye amechaguliwa kila kitu, unga atakaokula, kiwanja atakachojenga, foleni atakayosimama, mnamwondolea hata uamuzi wa kuogopa kwa kucheza?

Sababu ya pili: haina ujumbe. Hapa ndipo tulipokasirika zaidi. Mlisema ukumbi ni wa shughuli zenye manufaa, na kama tunapenda filamu, kuna bajeti ndogo ya video za uhamasishaji: kunawa mikono, ndoa za utotoni, amani na wenyeji. Hatuzikatai. Ndoa za utotoni ziko, tunaziona kwa macho, na kipindupindu si mchezo. Lakini kwa nini kila tunachogusa lazima kiwe dawa ya kitu? Vijana wa Kampala wakienda sinema Jumamosi, nani anawauliza ujumbe? Watoto wenu wakiangalia mazombi nyumbani, mnawapa dodoso la kujaza kabla na baada?

Na hata hivyo, kama lazima ujumbe uwepo, basi upo, mkubwa kuliko wa mabango yenu. Wengi wetu tumetoka sehemu ambazo msukule si hadithi ya kuchekesha. Tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Tunajua bibi waliopigwa. Kule, mtu akisema ameona kitu usiku, hakuna anayezunguka nyuma kuangalia kilikuwa nini. Sasa filamu hii inakufundisha kuzunguka nyuma. Inakuonyesha zombi, unaogopa, halafu inakupeleka nyuma ya pazia unamkuta zombi ni mlevi mwenye rangi usoni ambaye ameachwa na familia yake. Kijana aliyecheka hapo, kesho akisikia bibi wa jirani anaitwa mchawi, labda atauliza swali moja kabla ya kuokota jiwe. Andikeni hilo kwenye ripoti mkitaka.

Lakini jambo tunalotaka kuwaambia hasa ni hili la dakika 37.

Mgeni anakuja kambini saa nne asubuhi, anaondoka saa tisa. Anaona kijana amelala mchana, anaandika "vijana hawana motisha." Hajui huyo kijana amekesha na mgonjwa kituo cha afya. Anaona msichana ameacha mafunzo ya ushonaji wiki ya pili, anaandika "hawamalizi wanachoanza." Hajui mama yake amejifungua na hakuna mwingine wa kuchota maji. Anaona mama anacheka kwa sauti kwenye foleni ya posho, anashangaa, labda hata anapunguza kwenye kichwa chake kiasi cha shida ya huyo mama. Hajui kicheko hicho ndicho kimemsimamisha kwenye jua tangu asubuhi. Mazungumzo yetu anayaona ya ajabu. Kutoka kwetu nje ghafla anakuona hakuna sababu. Kamera yetu iko chini, inaonyesha majani, na yeye anadhani hatujui kazi.

Amekaa dakika 37, wengine hawafiki hata hizo. Sehemu ya pili, ile inayoonyesha nani alikuwa ameshika nini, haipo kwenye ratiba yake. Gari linaondoka saa tisa.

Filamu hii haikudharau wale watu wake kwa ubovu wao. Haikuwaonea huruma pia. Iliwafuata nyuma, ikaonyesha kazi. Sisi hatujawahi kutengenezewa video ya namna hiyo hata moja. Tumetengenezewa za kulia, na tumetengenezewa za kushukuru. Ile ya kuhangaika na kucheka na kufanikiwa kwa shida, kwa migongo ya wenzetu, hiyo hatujaiona.

Na majina. Mwisho wa filamu ya Ueda majina yanapanda, ya kila mtu. Hata kwao jambo hili lilileta ugomvi: mwaka 2018 filamu ilipovuma, mtu wa maigizo anayeitwa Ryoichi Wada alilalamika kwamba wazo limetokana na mchezo wa jukwaani wa kundi lake na hakupewa haki yake. Walivutana hadharani, na baadaye wakapatana kwa kumwandika pamoja na Ueda kama wenye kazi ya asili. Tunalitaja kwa sababu mbili. Moja, ili msidhani tunaisifu kama malaika. Mbili, ili muone kwamba jina la mtu lina thamani ya kugombaniwa. Kwenye video za miradi zilizopigwa hapa, majina yanayopanda ni ya wafadhili. Aliyeshika taa kwa saa sita, aliyetafsiri kutoka Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi, aliyewapikia, aliyeonyesha njia, hao wote wanaitwa "jamii". Jamii haina simu ya kupigiwa kazi nyingine.

Sasa tugeuke kwetu wenyewe, maana tukiishia kuwalaumu maafisa tutakuwa waongo.

Vijana, sisi pia tunazima filamu zetu. Tumeanza filamu ngapi? Tunajua wote. Ya kwanza iliisha kwa sababu watu wanne walitaka kuwa mwongozaji. Ya pili ilikufa kwa kusubiri kamera nzuri. Ya tatu mwigizaji mkuu alikasirika, tukasema bila yeye haiwezekani. Wale Wajapani wawili wamepata ajali, mlevi hawezi kusimama, na hawakusema bila wao haiwezekani. Mke wa mwongozaji aliingia. Hiyo ni hadithi ya kutunga, mtasema. Basi chukueni ya kweli. Mwaka 2020, dunia imefungwa kwa sababu ya korona, Ueda na waigizaji wake walitengeneza mwendelezo mfupi bila kukutana, kila mtu kwake, wakauweka YouTube bure kabisa.

Na kama Japani ni mbali, Wakaliga ni hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana alikuwa mtu wa kufyatua matofali. Alitengeneza Who Killed Captain Alex? mtaani kwake mwaka 2010, kwa bunduki za vyuma chakavu na kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, majirani ndio waigizaji, na VJ Emmie anasimulia na kutania juu ya picha. Si ya mazombi, ni ya mapigano, lakini ni ndugu yao damu moja. Watu wa dunia nzima wameiangalia kwa mamilioni na kuipenda pamoja na ubovu wake wote. Huyo hakusubiri warsha. Sisi tunasubiri nini? Posho ya usafiri?

Mnajua filamu ya Ueda ilianza vipi? Novemba 2017 ilionyeshwa siku sita tu kwenye ukumbi mdogo wa Tokyo. Juni 2018 ikatoka rasmi kwenye sinema mbili. Walioiona wakaanza kuwaambia wenzao, "Nenda, lakini usiulize inahusu nini, na usitoke mwanzoni." Watu walirudi mara ya pili na ya tatu wakiwa wamewaleta marafiki. Ikasambaa nchi nzima, ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3, mara elfu moja ya pesa iliyoitengeneza. Mfaransa Michel Hazanavicius, mwenye Oscar, akaitengeneza upya kwa Kifaransa, na hiyo ndiyo iliyofungua tamasha la Cannes mwaka 2022. Hayo yote yalitokea kwa sababu watu fulani kwenye ukumbi mdogo walikaa dakika 37 za ubovu bila kunyanyuka.

Hatusemi tutafika Cannes. Wengine wetu hata kibali cha kufika Mbarara ni safari. Tunasema kazi mbovu inahitaji mtu wa kukaa nayo, na hilo halina gharama.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi, si kwa "tutaliangalia".

Moja. Filamu ya watu wazima ikiombwa na watu wazima, tukubaliane kabla: tangazo la yaliyomo mlangoni, watoto nje, mtu wa kukaa na anayetoka. Hayo tuliyafanya bila kuambiwa na tutayafanya tena. Mkiwa na mshauri nasaha, aje akae na sisi, tutafurahi. Lakini ikishaanza, haizimwi na mtu mmoja aliyepita njia.

Mbili. Kwenye kila mafunzo ya video, video moja kati ya zinazotengenezwa iwe ya kile tunachotaka sisi. Ya mapenzi, ya mazombi, ya mbuzi aliyeiba kadi ya chakula. Bila nembo, bila ujumbe wa mwisho.

Tatu. Kila anayefanya kazi kwenye video iliyopigwa hapa, jina lake liandikwe, kama mwenyewe anakubali. Kuna wasiotaka kwa sababu za usalama, hao waulizwe na waheshimiwe. "Jamii" si jina la mtu.

Nne. Hakuna mtu kuambiwa arudie kifo cha mzazi wake kwa sababu ya upepo. Upepo ukiingia, tumieni iliyo na upepo.

Na sisi tunaahidi letu. Filamu tuliyoiacha mwaka jana, ile ya msukule anayekuja ofisini kuandikishwa na kuambiwa arudi Jumanne, tunaimaliza. Simu tunazo. Taa ya sola ipo. Mwigizaji mkuu akikasirika, ataingia yeyote aliye karibu, hata kama maneno hayajui. Ikitoka mbovu, itatoka mbovu, lakini itatoka.

Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili jioni, tunaionyesha tena One Cut of the Dead kwenye kibanda cha video cha barabarani, mwenye kibanda ametukubalia. Dada aliyetoka nje amesema atakuja baada ya mayowe kupungua, tutampigia simu majina yanapopanda mara ya kwanza. Na wewe afisa wetu, tunajua utaisoma hii, kiti chako tumekiweka mbele kabisa karibu na waya. Karibu sana. Ombi letu ni moja tu, ukae mpaka mnara wa watu usimame.

Mwenzako hajaona hii? Mtumie. Una hoja ya kupinga? Andika hapa chini, tutajibu bila matusi.